Masomo ya chuo kwa mwanafunzi wa sekondari Minnesota: chuo chenye tamko la imani, chuo cha umma, au kubaki shuleni?

Jimbo la Minnesota humlipia mwanafunzi wa sekondari masomo ya chuo. Mpango huo, unaoitwa PSEO, ulianza mwaka 1985 wakati wa gavana Rudy Perpich, na ulikuwa wa kwanza wa aina yake Marekani. Mtoto wa darasa la 10, 11 au 12 huchukua kozi za chuo, na krediti zake huhesabiwa mara mbili: kwenye diploma ya sekondari na kwenye shahada atakayosomea baadaye. Karo inalipwa na serikali. Kwa familia zinazozungumza Kiswahili kule Brooklyn Park, Brooklyn Center na vitongoji vingine vya Minneapolis, ambako wazazi wengi hufanya zamu mbili kwenye nyumba za kulea wazee, hilo si jambo dogo. Mtoto akitumia vizuri miaka miwili ya mwisho anaweza kuingia chuo kikuu akiwa tayari na krediti za mwaka mzima au zaidi.

Kinachowakwamisha wengi ni kuchagua chuo. Kimoja kinamtaka mtoto atie sahihi kwamba anaamini mambo fulani kuhusu Mungu, Yesu na Biblia. Kingine kina msalaba getini lakini hakimuulizi anasali wapi. Cha tatu ni cha serikali na dini haimo kabisa. Halafu kuna mwalimu wa shule anayesema: kwa nini umtoe mtoto hapa, wakati kozi za chuo tunazifundisha humu humu?

Nimezipima njia hizo nne kwa vigezo vilevile. Sitawaambia ipi ni bora kwa kila mtu, kwa sababu mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste, binti wa Kiislamu na kijana Msabato hawasimami mahali pamoja mbele ya karatasi ile ya sahihi.

Kwanza, sheria imefika wapi

Mei 2023 Minnesota ilibadilisha sheria ya PSEO. Kifungu kipya, kilichotiwa sahihi na gavana Tim Walz, kilivikataza vyuo vilivyo kwenye mpango kumdai mwanafunzi wa sekondari tamko la imani anapoomba nafasi, au kutazama dini yake katika kumkubali au kumkataa. Vyuo vilivyoguswa hasa vilikuwa viwili, Crown College na University of Northwestern, St. Paul. Familia za Kikristo zilizotaka watoto wao wasome huko zilikwenda mahakama ya shirikisho, na vyuo vyenyewe vikawa upande wao. Kesi ikiendelea, serikali ya jimbo ilikubali kutokitumia kifungu hicho. Agosti 2025 jaji Nancy Brasel akakibatilisha, kwa msingi kwamba kinakwenda kinyume na haki ya kikatiba ya mtu kufuata dini yake.

Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Serikali iliuliza: ikiwa fedha ni za umma, kwa nini mtoto wa Kiislamu, wa Kiyahudi au asiye na dini afungiwe mlango wa darasa ambalo kodi ya wazazi wake imelichangia? Familia nazo zilijibu kwamba jimbo lenyewe ndilo lililoamua kuingiza vyuo binafsi kwenye mpango, na likishaviingiza haliwezi kukitoa kimoja kwa sababu tu kinaishi dini yake. Upepo wa Mahakama Kuu ya Marekani umekuwa ukielekea upande huo wa pili: hukumu ya 2017 iliyotoka Missouri, ya 2020 iliyotoka Montana na ya 2022 iliyotoka Maine zote zilisema serikali ikifungua mfuko wake kwa taasisi binafsi, isizibague zile za kidini kwa ajili ya udini wao.

Kwa anayechagua leo, maana yake ni hii: vyuo hivyo viwili vimo kwenye mpango na tamko lao limo. Mambo ya namna hii huweza kuguswa tena na mahakama ya juu au na Bunge, kwa hiyo pigieni simu ofisi ya udahili mwaka ule ule mnaoomba, msitegemee alichoambiwa jirani miaka mitatu iliyopita.

Vigezo vya kupimia

Nimetumia vitano. Kwanza, sahihi: mtoto anaombwa kukiri nini? Pili, pesa: ukiacha karo, nini kinabaki juu ya mzazi? Tatu, krediti: zitakubaliwa wapi baada ya sekondari? Nne, usafiri na saa. Tano, mazingira: atakaa na nani, na akikwama atasaidiwa na nani?

Karo karibu haitenganishi chuo na chuo. Kote kwenye PSEO, jimbo hulipa karo, ada za lazima na vitabu vinavyotakiwa darasani. Vitabu hivyo ni mali ya chuo na hurudishwa kozi ikiisha. Malazi na chakula hayalipwi. Masomo ya kidini hayalipwi popote, hata kwenye chuo cha kanisa. Sheria inataka kozi isiwe ya mafundisho ya dini. Masomo ya kujazia pengo, kama hesabu au Kiingereza cha ngazi ya chini ya chuo, kwa kawaida hayamo pia. Hili liwashughulishe wenye watoto waliofika Marekani karibuni. Kozi ya krediti 4 za muhula chuoni huhesabiwa angalau kama mwaka mzima wa somo hilo sekondari.

Tena, alama za PSEO zinakaa kwenye hati ya matokeo ya chuo maisha yote. Mtoto wa miaka 16 aliyepata F kwenye kemia atakutana nayo akiomba chuo kikuu, na huenda hata akiomba msaada wa fedha. Wazazi husikia neno bure wakasahau hilo.

Chuo kinachodai tamko la imani

Hapa tunazungumzia Crown, ulioko St. Bonifacius, mji mdogo magharibi mwa Minneapolis, na Northwestern, ulioko Roseville karibu na St. Paul. Crown ni wa dhehebu la Christian and Missionary Alliance. Northwestern ni wa kiinjili usiofungwa na dhehebu moja. Billy Graham aliwahi kuwa rais wake, kati ya 1948 na 1952.

Sahihi ndiyo habari yenyewe. Mwanafunzi anayesoma kampasini anatakiwa kukubali tamko la imani ya Kikristo ya kiinjili. Lisomeni neno kwa neno, tena alisome mtoto mwenyewe. Mlokole wa kanisa la Kipentekoste huenda asione pa kukwama. Mkatoliki atakubali mengi, kisha asimame kidogo penye sentensi kuhusu mamlaka ya Biblia au namna mtu anavyookoka. Msabato, na kati ya Wakisii wa Minnesota Wasabato ni wengi, aulize mapema kama anatakiwa kukiri mafundisho yote au anatakiwa kukiri tu kwamba ni Mkristo, na kama kuna shughuli za Jumamosi. Mwislamu hawezi kutia sahihi hiyo kwa ukweli. Sioni namna ya kulizunguka hilo. Nimesikia wazazi wakisema, "Atie tu, Mungu anajua moyo." Mnamfundisha mtoto kwamba maneno ya dini ni ya kupitia mlangoni. Jimbo lina vyuo vingine vingi vinavyolipiwa kwa mfuko huo huo, basi hakuna haja ya kumlazimisha aongope.

Kuhusu masomo ya mtandaoni, sharti linaweza kuwa tofauti na lile la kampasini, kwa hiyo likiwa ndilo mnalolitaka, ulizeni hasa juu yake.

Pesa: ukiacha mafuta ya gari, hakuna gharama kubwa ya ziada kwa anayekwenda na kurudi. Krediti: vyuo hivi vina ithibati ya kawaida, na krediti za Kiingereza, historia au takwimu husafiri, lakini si kwa wepesi ule wa chuo cha umma kwenda chuo cha umma. Muulizeni msajili wa chuo kikuu anakotaka kuishia, kozi moja moja, na jibu lije kwa maandishi. Usafiri: Crown bila gari ni shida. Northwestern uko ndani zaidi ya mji, ingawa kutoka Brooklyn Park bado ni safari.

Mazingira ndiyo yanayowavuta watu huko, na ninawaelewa. Ibada zipo, walimu husali na wanafunzi, na mzazi anayeogopa kampasi kubwa kwa mtoto wa miaka 16 hulala usingizi. Watetezi wa tamko husema ndilo linalofanya jumuiya hiyo iwe ilivyo: kila aliye pale amekuja akijua, na amekubali. Hoja hiyo ina uzito hata kwa mtu ambaye mwenyewe asingetia sahihi.

Inamfaa nani? Mwanafunzi ambaye imani hiyo ni yake mwenyewe, anayetaka kusoma kati ya wanaofanana naye, na ambaye huenda akaendelea hapo hapo hadi shahada.

Chuo chenye asili ya kanisa kisichodai tamko

Watu wengi huvichanganya vyuo hivi na vile vya kundi la kwanza, wakavikwepa bure. Augsburg University ni wa Walutheri, na uko Cedar-Riverside, mtaa wa Minneapolis unaojulikana kwa Wasomali wake. Wanafunzi Waislamu wamezoeleka pale miaka mingi. Concordia University, St. Paul, nao ni wa Walutheri wa sinodi nyingine. Mtu hukubaliwa kwa alama zake.

Kwenye sahihi kuna jambo la kuangalia. Tamko la imani husema ninaamini hivi. Kanuni za mwenendo husema nikiwa hapa nitaishi hivi: sitakunywa pombe, sitafanya kadhaa na kadhaa. Bethel University, wa Wabaptisti, una agano la mwenendo linalojulikana. Mwislamu anaweza kukubali kutokunywa pombe bila kukana chochote cha dini yake. Kwa hiyo chuo kikisema "lazima utie sahihi," ulizeni: ninatia sahihi juu ya ninachoamini, au juu ya ninavyoenenda? Na je, inamhusu mwanafunzi wa PSEO au wale wa shahada tu?

Pesa ni zile zile. Krediti ziko kama kwa kundi la kwanza: nzuri, lakini zihakikishwe. Nafasi za PSEO kwenye vyuo binafsi zaweza kuwa chache na kila kimoja kina kiwango chake cha alama. Usafiri wa Augsburg ni mwepesi, treni ya mjini inapita karibu. Madarasa huwa madogo, na profesa atalijua jina la mtoto, jambo ambalo kampasi kubwa haiahidi.

Inamfaa nani? Familia ya imani yoyote inayopenda chuo kidogo chenye maadili yaliyo wazi, lakini haitaki dini iwe sharti la kuingia. Nadhani ndilo kundi linalosahauliwa zaidi, pengine kwa sababu jina la dhehebu humtisha mmoja, na kukosekana kwa tamko humpunguzia mwingine hamu.

Chuo cha umma

Sahihi hakuna. Chuo cha serikali hakiwezi kumuuliza mtu imani yake ili kimpe nafasi. Chini ya kundi hili kuna mambo mawili tofauti. La kwanza ni University of Minnesota, ambako nafasi za PSEO hushindaniwa na wanaoingia wana alama za juu. La pili ni vyuo vya mfumo wa Minnesota State, vikiwemo vya miaka miwili na vya ufundi: North Hennepin Community College hapo Brooklyn Park, Normandale kule Bloomington, Hennepin Technical College yenye kampasi Brooklyn Park na Eden Prairie.

Kwenye krediti, chuo cha umma kinatangulia. Kuna mtaala wa pamoja wa krediti 40, Minnesota Transfer Curriculum, unaotambuliwa na vyuo vya umma vya jimbo zima. Mtoto akiumaliza wote, au sehemu yake, akahamia chuo kingine cha umma, hesabu haianzi upya. Kwa anayelenga uuguzi au uhandisi kwenye chuo cha serikali, hiyo ni akiba ya kweli.

Darasa la 10 lina njia yake. Mwanafunzi huanza na kozi moja ya ufundi au ya kazi, mradi amefaulu mtihani wa jimbo wa kusoma wa darasa la 8. Akipata C au zaidi, anaruhusiwa kuchukua kozi nyingine za aina hiyo. Wengi wetu tumefanya kazi ya CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, tukiwa watu wazima baada ya kulipia mafunzo mfukoni. Kijana wa miaka 16 anaweza kuanza na fani ya namna hiyo bila senti, chuo cha jirani kikiwa nayo.

Usafiri: kwa wakazi wa Brooklyn Park hakuna cha kulinganisha. Mazingira: hapa lawama za wazazi na sifa za watoto hukutana. Darasa moja lina kijana wa 17, mama wa watoto watatu na askari mstaafu. Hakuna anayemfuata mtoto kuuliza kwa nini hakuja. Kwa aliyekomaa, huo ni uhuru. Kwa anayesukumwa kila asubuhi kutoka kitandani, ni njia ya kupata ile F niliyoitaja. Dini haikatazwi: vikundi vya wanafunzi Wakristo na Waislamu ni jambo la kawaida kwenye kampasi za umma. Ila hakuna atakayeileta kwa mtoto, lazima aitafute.

Inamfaa nani? Anayejiongoza, anayejua atahamia chuo cha umma, anayetaka ufundi, au ambaye familia yake haitaki kabisa suala la dini liingie kwenye fomu.

Kubaki shuleni

Hili ni fupi. Sekondari nyingi zina kozi za chuo zinazofundishwa na mwalimu wa shule kwa ushirikiano na chuo. Ule wa University of Minnesota unaitwa College in the Schools. Nyingine zina AP (Advanced Placement), kozi za kiwango cha chuo ambazo mtihani wake hufanywa Mei na alama ni 1 hadi 5, au IB (International Baccalaureate), mtaala wa kimataifa. Sahihi ya imani hakuna, usafiri hakuna, na mtoto anabaki na marafiki, timu na mshauri wake. Kozi za ushirikiano hazimgharimu mwanafunzi. Mtihani wa AP una ada, na wenye kipato kidogo huweza kupunguziwa. Kwa AP mwaka mzima unategemea siku moja ya mtihani, lakini akifanya vibaya hakuna F ya chuo. Vyuo vya Minnesota State hutoa krediti kwa alama ya 3 au zaidi. Vyuo binafsi kila kimoja kina masharti yake.

Upungufu ni kwamba unapata kile tu ambacho shule yako inacho. Shule yenye kozi mbili za AP haimfikishi mtoto mbali. Inamfaa asiye tayari kwa uhuru wa kampasi, mchezaji ambaye ratiba yake haimwachi, na yule ambaye bado ana miaka michache ya Kiingereza na anamhitaji mwalimu anayemjua.

Kwa hali yako

Kama familia ni ya Kikristo, na mtoto mwenyewe, si mama yake tu, amelisoma tamko na kulikubali, anzeni na Northwestern au Crown, mkizingatia gari na mahali krediti zitakapokwenda.

Kama ni Wakristo lakini tamko lina sentensi moja au mbili zinazowasumbua, msiamue kwa kubahatisha. Mwandikieni afisa wa udahili, mtaje dhehebu lenu na sentensi yenyewe, muulize kama mwanafunzi wa imani yenu hukubaliwa. Jibu likichelewa, ombeni pia chuo cha kundi la pili.

Kama ni Waislamu, au nyumbani kuna dini mbili, au mtoto hana uhakika na imani yake, njia tatu zilizobaki ziko wazi kabisa na zinalipiwa sawa. Msihesabu kuwa mmekosa karo. Mmekosa kampasi mbili.

Kama mtoto anasoma shule binafsi au nyumbani, PSEO inamhusu pia, ila utaratibu wa fedha na fomu ni tofauti kidogo. Anzeni mapema kuliko wenzenu.

Kama gari ni moja na linatumika kwa zamu ya usiku, chuo cha jirani au kozi za mtandaoni zitangulie. Familia ya kipato kidogo inaweza kuomba irudishiwe nauli kupitia wilaya ya shule. Fedha hizo zipo na wengi hawaziombi.

Kama mzazi anataka chuo chenye tamko na mtoto anasita, mwacheni achukue muhula mmoja wa kozi mbili kwenye chuo cha umma au shuleni kwake, kisha mrudi mezani. PSEO haimlazimishi kubaki chuo kimoja miaka yote miwili.

Na mkiamua lolote, kuna tarehe mbili. Wilaya ya shule inatakiwa kupata taarifa ya nia ya kusoma PSEO ifikapo tarehe 30 Mei kwa muhula wa vuli, na tarehe 30 Oktoba kwa muhula unaofuata. Tarehe za mwisho za vyuo vyenyewe mara nyingi hutangulia hizo, kwa hiyo muulizeni mshauri wa shule fomu hizo mwezi Februari, wakati watoto wanapochagua kozi za mwaka ujao.